Mkoromo Tulioupenda

Kama nyumbani kwako kuna mtoto anayekoroma na watu wa nyumba wanacheka, keti kidogo nikueleze yaliyotupata sisi. Sisi hatukucheka tu. Tulijivunia.

Mimi ni mkulima wa Kabambare. Watu huniita Mama Feza, kwa jina la binti yangu wa kwanza. Mume wangu Amuri anachimba dhahabu kule Lusangi, na hurudi nyumbani kila anapopata upenyo. Miezi mingine yote naishi na mama yake, Bibi Zaina, mwanamke mfupi mwenye maneno mengi. Baba mkwe alifariki mimba yangu ya pili ikiwa imeshakuwa kubwa. Alilala mzima, asubuhi hakuamka. Nilipojifungua mtoto wa kiume, hakuna aliyeuliza aitwe nani. Alipewa jina la mzee.

Kwetu, anayebeba jina la mzee ni mzee. Mimi mkamwana sina ruhusa ya kulitamka jina la baba mkwe, kwa hiyo mwanangu wa kumzaa sikuweza kumwita jina lake. Nilimwita Babu, na hapa nitamwita hivyo hivyo. Kumchapa, usifikirie. Kumgombeza, kwa adabu. Bibi Zaina yeye alimwita "bwana yangu", kwa ule utani wa bibi na mjukuu, na akitaka kunichokoza aliniita mke mwenza. "Wee mke mwenza, bwana yangu amekula?" Ningesema nini? Nilicheka na kupakua.

Baba mkwe alikuwa mkoromaji wa sifa. Wageni waliolala kwetu waliaga mapema, macho mekundu, wakisema safari ni ndefu. Basi Babu alipoacha ziwa na kuanza kukoroma, nyumba nzima ilifurahi. Bibi Zaina alimchukua kulala naye kwenye kitanda kile kile alicholala na mumewe. Majirani walikuja mchana, mtoto akiwa amelala kwenye mkeka, wakainama mlangoni, wakasikiliza, wakatikisa vichwa.

"Ni yeye," walisema. "Ni yeye kabisa."

"Kwani niliwaambia nini?" Bibi Zaina akajibu. "Bwana yangu amerudi. Sasa minalala vizuri."

Na kweli alilala vizuri. Tangu mzee azikwe alikuwa anakesha, ananyong'onyea, hata sombe yake, ile mboga ya majani ya muhogo, haikuwa na ladha. Mkoromo wa mtoto ulimrudishia usingizi. Niliuona uso wake ukijaa tena, nikashukuru. Mtu asiniambie kwamba nilipaswa kujua. Nilimpenda yule mama, na nilifurahi kumwona amepona.

Mambo mengine yalikuja polepole, kila moja na maelezo yake. Babu alitoa jasho sana usingizini, shuka likaloa hata msimu wa baridi. Tukasema malaria. Kituo cha afya kikampa dawa ya malaria, na mvua zilipoanza tena kikampa tena. Alikojoa kitandani hata alipokuwa mkubwa wa kuona haya. Tukasema mchango, akanywa dawa ya minyoo wakati wa kuvuna karanga. Alikula huku mdomo wazi, akitafuna kidogo, akipumzika kidogo. Nyama aliikataa, ilimkwama. Tukasema mzee naye hakupenda nyama. Shingo yake ilikuwa nyembamba na kifua kilianza kuwa na shimo katikati, pale chini, ungeweza kuweka yai la kuku. Alilala ameketi, kichwa kimeanguka nyuma, koo limeelekea dari. Kila nikimlaza, baada ya muda nilimkuta ameketi tena.

Alipoanza shule, mwalimu aliniita.

"Mama Feza, mutoto wako analala mu darasa. Asubuhi ya kwanza tu, analala. Unamutumikisha usiku?"

"Nimtumikishe kazi gani, mwalimu? Analala kabla ya kuku."

Mwalimu hakuniamini. Wifi yangu naye aliongeza lake. Alikuja kututembelea, akazipima mbavu za mtoto kwa macho, akaniuliza mbele ya watu kama chakula anachotuma kaka yake kinapita wapi. Nililia jikoni siku ile. Kuitwa mvivu naweza kuvumilia. Kuambiwa namnyima chakula mtoto ambaye kila tonge namwomba kwa magoti alimeze, hilo lilinichoma, na hadi leo salamu yangu kwa wifi ni fupi.

Aliyefungua macho yetu ni Feza. Tulikuwa kwenye mpunga, msimu wa kuwinga ndege, na Babu alikuwa amelala kwenye kibanda cha shamba, jua la saa sita. Feza aliachiwa amwangalie. Akaja akikimbia kati ya mpunga, na mimi nikaanza kumkaripia kwa kuukanyaga.

"Mama," akasema, "Babu amesahau kupumua."

Nikaenda kibandani. Mtoto alikuwa amelala chali. Tumbo linapanda, kifua kinazama, tumbo linapanda, kifua kinazama, ila hakuna sauti na hakuna hewa. Nilimwekea mkono puani, hakuna kitu. Midomo yake ilikuwa imegeuka rangi ya majivu. Nilipomshika mabega alishtuka, akavuta pumzi kama mtu anayetolewa mtoni, akakohoa, akakoroma, akaendelea kulala. Nilikaa pale nikimtazama. Likarudi tena. Likarudi tena. Mpunga wetu ndege waliula siku ile na sikujali.

Nilipomweleza Bibi Zaina alisema mzee naye alikuwa hivyo, anakoroma, ananyamaza, anaanza tena. "Anapumzika," alisema. "Hata mutu wa kutwanga anapumzisha mikono."

Nilimpigia Amuri. Lusangi mtandao hushikika kilimani tu, mpaka apande. Alinisikiliza, akasema, "Mupeleke Kasongo. Kwa dada yako. Na Mama aende pamoja naye, hatakubali mutoto aende peke yake."

Feza tulimwacha kwa jirani, tukaenda kwa pikipiki mbili, Bibi Zaina na Babu mbele, mimi nyuma na mzigo. Kiangazi kilikuwa kimeanza, vumbi tupu. Mahali pengine tulishuka tukatembea, madereva wakisukuma. Tulilala Wamaza kwa mama mmoja wa kanisani aliyetupa maji ya moto ya kuoga bila kuulizwa, na sijasahau. Kasongo tulifikia kwa dada yangu Riziki, anayeuza mafuta ya mawese sokoni.

Chumba cha kungojea hospitalini kilikuwa veranda ndefu yenye mabenchi. Ungekuwepo ungecheka. Karani aliniuliza jina la mtoto na mimi, mama yake, nikanyamaza. Akauliza tena. Nikamtazama Bibi Zaina. Naye hawezi kutaja jina la mumewe ovyo mbele ya wageni, akatazama paa. Foleni nyuma yetu ikaanza kunung'unika. Mwishowe Riziki, aliyekuwa kwenye kivuli nje na simu yake, akachungulia dirishani na kulitaja jina. Karani akauliza, "Hawa wawili, hawamujui mutoto?"

Tulirudi kwenye veranda ile siku nyingi. Ukingoja na mtoto wa namna hii unajifunza kumtegemeza ameketi, kichwa kwenye bega lako, ili usingizi ukimchukua asinyamaze. Mama mmoja aliyekuwa na mtoto mwenye mguu wa kufungwa aliniona nimechoka, akamchukua Babu mapajani bila kusema neno, nami nikasinzia. Hayo ndiyo mambo yaliyonishikilia.

Daktari alikuwa mwanamke, sauti yake ndogo mpaka uinamie. Alimfungua Babu mdomo, akamulika, akaniita nitazame. Nyuma ya ulimi kulikuwa na nyama mbili za mviringo, moja huku moja kule, zimekaribia kugusana. Yeye aliziita amidali. Wengine husema mafindofindo. Akasema huenda kuna nyingine nyuma ya pua, isiyoonekana. Kisha akambana kidole kwa kibanio kidogo chenye taa nyekundu, cha kupima hewa iliyo kwenye damu. Nambari zikatoka nzuri.

"Akiwa macho, mutoto haiko na shida," akasema. "Shida iko mu usingizi. Analala namna gani? Anakoroma?"

"Sana, Dokta," Bibi Zaina akajibu, kifua mbele. "Kama babu yake."

"Kila siku? Hata kama haiko na mafua?"

"Kila siku."

"Anakoroma, halafu kimya, halafu anashituka?"

"Ndiyo."

"Anakojoa kitandani? Analala mu masomo? Anatoka jasho? Anapenda kulala kichwa nyuma?"

Kwa kila swali nilijibu ndiyo, na machozi yakaanza kunitoka, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kuyapanga yale mambo pamoja. Sisi tulikuwa tumeyatibu moja moja, kila moja na dawa yake.

Daktari alisema kuna mashine kubwa ambayo mtoto hulala nayo usiku kucha, amefungwa nyaya kichwani na kifuani, lakini iko mbali, hata hatukuuliza wapi. "Hapa tutafanya kwa njia nyepesi. Muko na simu yenye kamera? Mumufilmie akiwa amelala. Minataka kuona kifua na kusikia pumzi. Ni hivyo tu."

Ni hivyo tu. Basi sikiliza tulivyofanya.

Picha kwetu si mchezo. Mtu akipigwa picha anaoga, anajipaka mafuta, anavaa. Na hii ilikuwa picha ya kwenda kwa daktari, tena ya mtu mwenye jina la mzee. Bibi Zaina alimwogesha Babu, akamvalisha shati la Jumapili na kulifunga vifungo mpaka shingoni. Riziki alitoa kitenge kipya kabatini, tukamfunika nacho hadi kidevuni, tukakinyoosha kisiwe na mkunjo. Mtoto alipopitiwa na usingizi na kuanza kukoroma, Riziki akashika simu. Kila aliponyamaza, Bibi Zaina alimgusa shavu ili aanze tena, asije akaonekana mgonjwa kwenye picha.

Daktari aliitazama filamu yetu yote. Akairudia. Akaficha mdomo kwa mkono.

"Mama, mumenifilmia kitenge," akasema. "Kitenge ni kizuri. Mutoto iko wapi?"

Sote tulicheka, hata Bibi Zaina, ingawa alinuna kidogo kuhusu shati. Daktari akatuambia tumlete siku inayofuata, saa za mchana, ameshiba, na tusimpe nafasi ya kusinzia asubuhi. Tulimpa bukari, ugali wetu, na samaki palepale verandani, kisha tukaingizwa chumba kidogo chenye kitanda. Babu alivuliwa shati. Simu ya Riziki iliegemezwa kwenye chupa ya maji juu ya dirisha, ikimtazama kifuani. Kibanio kikawekwa kidoleni. Daktari akasema, "Mutu asimuguse. Hata wewe, bibi."

Alilala mara moja. Mkoromo ukaanza, ukajaa chumba, na Bibi Zaina akafumba macho akatabasamu. Kisha ukakatika. Kifua kikazama pale penye shimo, tumbo likainuka, kikazama tena. Nambari za kibanio zikaanza kushuka, na kitu chenyewe kikaanza kulia ti, ti, ti. Nilitaka kuruka. Daktari akanishika mkono. Mtoto akashtuka, akavuta pumzi, nambari zikapanda. Kisha yote yakaanza upya.

"Inatosha," daktari akasema. Akamgeuza ubavu kwa upole. Akatuambia mambo kwa maneno machache: njia ya hewa inaziba akilala, moyo unafanya kazi ya kubeba mzigo usiku kucha, na moyo wa mtoto una mwisho wake. Zile nyama zitolewe. Daktari wa koo huja kutoka Bukavu, na safari hii alitarajiwa mvua zikianza.

"Kutoa ni kukata?" Bibi Zaina akauliza.

"Ni kukata, bibi. Ndani ya koo."

"Na akishakatwa, hatakoroma tena?"

"Tunaomba asikorome tena."

Bibi Zaina akasimama, akafunga kitenge chake vizuri kiunoni. "Apana," akasema. "Bwana yangu hatakatwa koo."

Tukatoka. Nyumbani kwa Riziki nilimwambia mama mkwe, "Mama, utamzika mara ya pili?" Nilisema kwa sauti ambayo mkamwana haitumii. Akaingia ndani. Nilimpigia Amuri, nikangoja apande kilima chake, na jibu lake lilikuwa lile lile nililoliogopa.

"Ni Mama ndiye mwenye jina lile. Akisema apana, mimi nitasema nini? Muzungumze naye pole pole."

"Amuri, mutoto anakufa kidogo kidogo kila akilala. Mimi nimeona."

"Nimesikia, Mama Feza. Muzungumze naye."

Nilimchukia siku ile. Nilimchukia yeye na kilima chake na mtandao wake. Nilipanga moyoni kumpeleka mtoto kwa siri, hata kama nitafukuzwa. Bibi Zaina hakula jioni na hakula asubuhi. Mchana wake, nikiwa napepeta mchele, alimfuata Riziki na kumwomba ile simu.

"Ile sauti ya jana. Mutie tena, minataka kuisikia."

Riziki alimwekea, akaja jikoni kunisaidia. Tulimwona kupitia mlango, ameketi peke yake kwenye kiti kidogo, simu imebanwa sikioni na haitazami kabisa. Mkoromo ukasikika mpaka kwetu, ukakatika. Ukasikika tena. Nilijua anaaga, nikainamisha uso kwenye ungo. Kisha sauti ikafika mwisho, naye akabaki vile vile na simu sikioni, hakuna kinachosikika.

Alipokuja jikoni macho yake yalikuwa makavu. "Mwambie dokta wakate," akasema. "Wasingoje." Akaenda kuoga.

Sikumuuliza. Niliogopa swali langu lisije likamgeuza tena.

Kiangazi kile kilikuwa kirefu. Daktari alitufundisha kumlaza Babu ubavu, na Bibi Zaina alimshonea mto wa pamba nyuma ya mgongo ili asigeuke chali. Yeye mwenyewe alilala kidogo sana. Nilimwona mchana anasinzia kwenye benchi, mkono juu ya mtoto. Aliacha utani. Hakuniita tena mke mwenza, na ile nyumba ya Riziki, yenye watu wengi na kelele za soko, ilikosa sauti yake. Nilidhani ananilaumu.

Mvua ya kwanza ilinyesha, na daktari wa Bukavu akachelewa, kisha akafika. Asubuhi ya kupasuliwa Babu aliniuliza kama kisu ni kikubwa. Nikasema sijui, ambalo ndilo jibu la kweli. Bibi Zaina alimbusu kwenye paji na kumwambia, "Nenda, mutoto yangu." Nililisikia neno lile. Hakuwahi kumwita mutoto.

Aliporudi alikuwa na damu kwenye pembe za mdomo na macho yasiyomjua mtu. Nikuambie ukweli, ili usishtuke yako yakifika: siku zinazofuata ni mbaya. Alilia bila sauti. Mate aliyaacha yatiririke kuliko kuyameza. Mdomo ulinuka mpaka nikafikiri kimeoza kitu. Alikunywa uji baridi kijiko kwa kijiko na kila kijiko kilikuwa vita. Sauti ilipomrudia ilikuwa nyembamba, ya mtoto mwingine, na ilinichukua muda kuizoea.

Lakini alasiri ile ya kwanza, kabla ya hayo yote, alilala. Chali, kichwa sawa, mdomo umefumba. Na hakukuwa na sauti yoyote. Niliruka nikamwekea mkono puani, na hewa ikanipiga kwenye vidole, nyepesi, ya vuguvugu, ikaenda, ikaja. Kifua kilipanda. Hakikuzama. Nilikaa sakafuni nikalia kwa sauti mpaka muuguzi akaja kuona nani amekufa. Bibi Zaina alikuwa upande wa pili wa kitanda. Mkono wake ulikuwa tayari puani pamoja na wangu.

Tulirudi Kabambare karanga zikiwa zimeota. Babu sasa anakula, anakula hata nyama, na amenenepa mpaka wifi amekosa la kusema. Kitanda hakiloi. Darasani yuko macho, na mwalimu analalamika kwamba anasema sana. Lile shimo la kifua limebaki kidogo. Daktari alisema huenda likabaki. Kwa mtoto wangu ningeweza kuishia hapa, nikushukuru kwa kunisikiliza, nawe uende ukamsikilize wako.

Ila Bibi Zaina alimrudisha kulala kwangu. Siku tuliyofika nyumbani alikunja shuka la mtoto, akaniletea. "Alale na wewe." Na hakulala tena vizuri. Akaanza kukonda kama zamani. Nilibeba jambo lile misimu miwili, nikijua kwamba nilimnyang'anya mumewe ili nibaki na mwanangu, na nikijua ningefanya tena.

Juzijuzi, mpunga ulipovunwa, tulikuwa tunatwanga wawili, yeye mchi wake na mimi wangu, zamu kwa zamu. Babu alikuwa amelala kwenye mkeka karibu, kimya. Nikashindwa kujizuia.

"Mama, unisamehe. Najua nilikunyima ile sauti."

Akasimamisha mchi. "Sauti gani?"

"Ya mzee."

Alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyepitiwa na usingizi. "Mama Feza, unafikiri minalilia mukoromo?"

Akaketi juu ya kinu cha pembeni, kilichopinduliwa.

"Ile siku ya simu," akasema, "nilitaka kusikia kukoroma mara ya mwisho. Ni kweli. Lakini ile kimya ikaja. Kule hospitali nilikuwa natazama mutoto, sikusikiliza. Mu simu hakuna kutazama. Nikasikia kimya peke yake. Na ile kimya niliijua. Niliijua miaka yote ya ndoa yangu. Wewe hujui kulala na mutu wa kukoroma. Unangojea anyamaze. Akinyamaza, ndipo unaiba usingizi kidogo, mbele ya kuanza tena. Ile kimya ilikuwa nafasi yangu."

Alipangusa pumba mikononi, taratibu.

"Ile usiku ya mwisho alinyamaza. Nikangoja aanze. Hakuanza. Nikasema, aksanti Mungu, leo ananiacha nilale. Nikageukia ukuta. Mama Feza, nililala vizuri sana. Sijalala vizuri vile maisha yangu yote. Jua liliniamsha."

Nilimwambia kwamba hakujua, kwamba hakuna aliyejua, kwamba hata daktari hawezi kusema mzee alikufa kwa nini. Nilisema yote anayosema mtu. Alinisikiliza kwa adabu. Kisha akasema tumalize mchele kabla ya mvua.

Riziki alikuwa amenitumia ile filamu, iko kwenye simu ambayo Amuri alinunua baadaye. Niliuliza kama niifute. "Usifute," akasema. Na tangu siku ile, akisikia kwamba mtoto wa fulani anakoroma, ananituma nimwite mama yake, wakati mwingine na mke wa mzee fulani anayekoroma pia. Wanakuja uani kwetu, wanaketi, nami nawasha ile filamu. Mkoromo unapoanza wanacheka, wanasema ni yeye kabisa, na Bibi Zaina anawaacha wacheke. "Hiyo bado," anawaambia. "Hiyo haina kitu. Ngojeni."

Kisha kimya kinakuja, naye anainua mkono ili mtu asiseme. Wanawake wanaacha kucheka. Mimi nimekisikia mara nyingi, na bado hujikuta nimezuia pumzi. Na kila mara, mtoto ndani ya simu anaposhtuka na kuvuta hewa, Bibi Zaina husema kwa sauti ya chini, kwa ajili yake mwenyewe, "Aksanti."